Bomba Lipitalo Uani kwa Jirani

Mazungumzo yalianza na bei ya dizeli na, kama ilivyo ada ya meza nyingi za kahawa hapa Arusha tangu mwaka 2022, yakaishia Ukraine. Mzee mmoja, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mkalimani katika mikutano ya kimataifa ya mji huu na ambaye si mtu wa kuropoka, aliihukumu Kazakhstan kwa neno moja: ndumilakuwili. Aliupanga ushahidi wake vizuri. Januari 2022 serikali ya nchi hiyo iliomba majeshi ya jumuiya ya ulinzi inayoongozwa na Urusi yaje kuisaidia wakati wa machafuko ya ndani. Machi 2, Urusi ikiwa imekwisha kuivamia Ukraine, ilijizuia kupiga kura katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, azimio la kulaani uvamizi lilipopita kwa kura 141 dhidi ya 5. Aprili ilipiga kura ya hapana Urusi ilipokuwa ikisimamishwa katika Baraza la Haki za Binadamu. Kisha Juni, Rais wake, Kassym-Jomart Tokayev, aliketi jukwaa moja na Vladimir Putin mjini St. Petersburg na kutamka mbele ya ukumbi mzima kwamba nchi yake haitazitambua Donetsk na Luhansk, maeneo ya mashariki mwa Ukraine, kuwa madola. Nyoka mwenye kichwa kila upande, alisema mzee, hujui anakoelekea mpaka akuume.

Wengi mezani waliafiki. Mimi sikuafiki, ingawa sina ugomvi na tukio hata moja kati ya hayo aliyoyataja. Naona kwamba matukio hayohayo, yakiwekwa juu ya ramani badala ya kuwekwa kwenye mizani ya tabia njema, yanasimulia habari nyingine.

Mpaka wa Kazakhstan na Urusi una urefu wa zaidi ya kilomita 7,500, na hakuna mpaka wa nchi kavu usiokatika duniani unaouzidi. Mpaka wetu na Kenya, kuanzia Ziwa Viktoria, ukaupinda Mlima Kilimanjaro hadi kuifikia Bahari ya Hindi, haufiki kilomita 800. Mwaka 1989 Warusi walikuwa karibu asilimia 38 ya wakazi wa Kazakhstan. Sasa ni takribani asilimia 15, na wengi wao wanaishi mikoa ya kaskazini, upande uleule wa mpaka. Aliyesikia sababu zilizotolewa Urusi ilipoichukua Crimea kutoka Ukraine mwaka 2014, kwamba Urusi ina wajibu wa kuwalinda watu wake walioachwa ng'ambo ya mpaka, hahitaji kuelezwa sababu hizo zinaweza kutumiwa wapi tena. Mwaka huohuo Putin aliwaambia vijana wa Kirusi kwamba Wakazakh hawakuwahi kuwa na dola kabla ya Nursultan Nazarbayev, rais wao wa kwanza, kuwajengea. Kazakhstan haikumwita balozi nyumbani wala haikuandika barua kali. Mwaka uliofuata, 2015, iliandaa sherehe kubwa za miaka 550 ya ufalme wa Wakazakh, ikauhesabu tangu 1465. Sijui jibu la kidiplomasia lililopimwa vizuri kuliko hilo: hakuna aliyetukanwa, na hakuna aliyeshindwa kuelewa.

Kuna pia karatasi ya Budapest, ambayo hutajwa sana kwa ajili ya Ukraine na kusahaulika kwa wengine. Desemba 1994, Ukraine, Belarus na Kazakhstan zilikubali kubaki bila silaha za nyuklia zilizorithiwa kutoka Umoja wa Kisovieti, nazo Urusi, Marekani na Uingereza zikaahidi kuiheshimu mipaka yao. Kazakhstan peke yake ilikuwa na vichwa vya nyuklia zaidi ya 1,400, navyo vyote viliondoka. Kwa hiyo makombora yalipoanza kuanguka Kyiv, watawala wa Astana, mji mkuu wa Kazakhstan, hawakuwa watazamaji wa ugomvi wa watu wengine. Walikuwa wanashuhudia ahadi waliyopewa wao pia ikichanwa hadharani, na aliyeichana ndiye jirani yao.

Lakini kitu kinachoieleza Kazakhstan kuliko kura zake zote ni bomba, na msomaji ataniwia radhi nikikaa hapa kwa muda mrefu.

Takribani asilimia 80 ya mafuta ghafi ambayo Kazakhstan inauza nje hupita katika bomba moja la kilomita zipatazo 1,500, litokalo kwenye visima vya magharibi mwa nchi, likapita ardhi ya Urusi, likaishia pwani ya Bahari Nyeusi karibu na bandari ya Urusi ya Novorossiysk. Huko mafuta hupakiwa melini kupitia maboya matatu yanayoelea baharini. Serikali ya Urusi ndiyo mwanahisa mkubwa zaidi wa kampuni inayoliendesha, ingawa Chevron na ExxonMobil za Marekani nazo zimo. Mwaka 2023 bomba hilo lilisafirisha zaidi ya tani milioni 60, nyingi zikiwa za Kazakhstan. Njia mbadala isiyoigusa Urusi, ya kuvusha mafuta kwa meli katika Bahari ya Kaspi hadi Baku na kuyaingiza kwenye bomba liendalo Uturuki, hupitisha takribani tani milioni moja na nusu kwa mwaka. Ziweke namba hizo mbili pamoja. Anayesema kwamba Kazakhstan ingepaswa kuchagua njia nyingine hana budi kueleza mafuta yanayobaki yangepita wapi, na mishahara ya walimu na pensheni za wazee wa nchi yenye watu wapatao milioni 20 zingelipwa kwa fedha gani katika miaka ya kusubiri jibu.

Na hili si jambo la kubuni kwa hofu. Machi 2022, wiki chache baada ya vita kuanza, upakiaji ulivurugika, na maelezo yaliyotolewa yalikuwa kwamba dhoruba imeharibu vifaa vya maboya. Inawezekana kabisa, dhoruba huwa zinakuja. Juni, Kazakhstan ikaanza kuyauza mafuta yake kwa jina jipya ili wanunuzi wasiyachanganye na ya Kirusi yaliyokuwa yanakimbiwa. Julai 4, Tokayev alizungumza kwa simu na Rais wa Baraza la Ulaya, Charles Michel, akasema nchi yake iko tayari kuisaidia Ulaya katika upungufu wa nishati. Siku iliyofuata, mahakama ya Novorossiysk iliamuru bomba lisimamishwe kwa siku 30, kwa sababu ya dosari katika nyaraka za kukabiliana na umwagikaji wa mafuta. Wiki haikupita kabla ya rufaa kuibadilisha adhabu hiyo kuwa faini ya rubo 200,000, ambazo zilikuwa dola elfu tatu na ushei. Msitu wa maneno ya kisheria uliozunguka kesi ile ni mkubwa, lakini mtu wa kawaida anaweza kuisoma bila wakili: jirani alishika koki, akaigeuza robo, akairudisha.

Ni baada ya kuliona tukio hilo ndipo inapofaa kuuliza Kazakhstan ilimkatalia nini jirani huyo, kwa sababu kukataa ukiwa na mkono wa mtu kwenye koki yako ni kazi tofauti na kukataa ukiwa mbali. Ilikataa kuzitambua Donetsk na Luhansk, na ikakataa mbele ya macho ya Putin mwenyewe. Mei 2022 haikufanya gwaride la Siku ya Ushindi, ikitoa sababu za bajeti. Ilituma misaada ya kibinadamu Ukraine. Septemba mwaka huo, Urusi ilipotangaza kuwaita raia jeshini, zaidi ya Warusi 200,000 waliingia Kazakhstan katika muda wa wiki mbili hivi, na Tokayev akasema kwamba watu hao wamelazimishwa na hali isiyo na matumaini, hivyo watunzwe na wahakikishiwe usalama. Januari 2023, wafanyabiashara wa Kikazakh walisimamisha hema la jadi katika mji wa Bucha, karibu na Kyiv, ili wakazi wapate joto, umeme na chai. Moscow ilipotaka maelezo, Astana ilijibu kwamba hakuna cha kueleza. Hakuna kati ya hayo kilichoizuia risasi hata moja, nakubali. Hata hivyo, ni mambo ambayo nchi nyingi zilizopiga kura ya ndiyo mwezi Machi hazikuwahi kutakiwa kuyafanya.

Sisi Watanzania tuna sababu ya pekee ya kuisoma habari hii taratibu, kwa kuwa tumelelewa na kumbukumbu ya Nchi za Mstari wa Mbele na tunajua, kwa haki, kujivunia. Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza Desemba 1965 kwa ajili ya Rhodesia, ikiwa inajua kuna mkopo utakaopotea. Kamati ya Ukombozi ilikaa Dar es Salaam, na wapigania uhuru wa Afrika Kusini walipewa ardhi Mazimbu, Morogoro. Lakini tukiifungua ramani ya wakati ule kwa uaminifu uleule tunaoutumia kwa Kazakhstan, tutaona kwamba kati yetu na makaburu kulikuwa na Msumbiji, Malawi, Zambia na Rhodesia. Waliokuwa jirani nao hasa waliishi maisha mengine. Lesotho ilivamiwa mjini Maseru Desemba 1982 na watu 42 wakauawa. Januari 1986 Afrika Kusini ilibana mpaka wake hadi bidhaa zikakauka, na kabla mwezi haujaisha Waziri Mkuu Leabua Jonathan alikuwa amepinduliwa na jeshi, na wanachama wa ANC wakaanza kuondolewa nchini. Zambia, ambayo hakuna anayeweza kuishuku nia yake, iliuacha mpaka wake na Rhodesia umefungwa tangu 1973, ikaumia kwa miaka mitano na zaidi, kisha Oktoba 1978 Kenneth Kaunda akaifungua tena reli ya kusini. Mbolea ilikuwa imekwama, msimu wa kupanda ulikuwa unagonga mlango, na sehemu ya mkwamo huo ilikuwa msongamano wa bandari yetu wenyewe. Wenzake wa Mstari wa Mbele hawakufurahi. Nashangaa kama kuna mtu aliyemwita Kaunda ndumilakuwili, na kama alimwita, aliketi wapi alipokuwa akisema hivyo.

Watu wa Arusha na Moshi hawahitaji hata kwenda mbali hivyo. Februari 1977 mpaka na Kenya ulifungwa, ukakaa umefungwa hadi Novemba 1983, na wala hapakuwa na vita kati yetu. Waliokuwa watu wazima wanakumbuka Namanga ilivyolala na njia za panya za Holili na Tarakea zilivyoamka. Hukumu kuhusu mpaka huwa nyepesi zaidi kadiri mtu anavyokaa mbali nao.

Njia hizo za panya, hata hivyo, ndizo zinazonilazimisha kuupa upande wa mzee haki yake, kwa sababu hapa hoja yake ina meno. Kazakhstan, Kyrgyzstan na Armenia ziko katika umoja wa forodha pamoja na Urusi, na lori likishaingia ndani ya umoja huo halina mpaka wa maana wa kulizuia. Baada ya vikwazo vya Magharibi, mauzo ya Ulaya kwenda nchi hizo yalipanda ghafla, na hakuna mtu mzima aliyeamini kwamba wananchi wa Bishkek, mji mkuu wa Kyrgyzstan, walipatwa kwa pamoja na hamu ya magari ya Kijerumani na mashine za kufulia. Mikrochipu zilizotengenezwa Magharibi zimekutwa ndani ya makombora yaliyoanguka kwenye nyumba za watu Ukraine, na baadhi ya njia zilizozifikisha huko zilipita kwa majirani wanaosema hawana upande. Januari 2025 Marekani iliiwekea vikwazo benki moja ya Kyrgyzstan, Keremet, kwa tuhuma za kuwa mfereji wa malipo ya aina hiyo. Kunyamaza kwa sababu ya hofu kunaeleweka. Kupata faida ndani ya ukimya huo ni jambo la pili, na aliyefiwa Kharkiv hawezi kutakiwa autafute mstari unaoyatenganisha hayo mawili.

Hilo silipunguzi kwa maneno. Ninachokiongeza ni kwamba hapo serikali hizi hazikufanana. Kazakhstan ilianzisha Aprili 2023 utaratibu wa kielektroniki wa kufuatilia mizigo inayopita nchini mwake, hatua iliyoikera Moscow na ambayo wakaguzi wa Magharibi waliiona haitoshi. Kyrgyzstan, ambayo fedha zinazotumwa nyumbani na raia wake walioko Urusi hukaribia theluthi moja ya pato la taifa katika baadhi ya miaka, ilikwenda polepole zaidi. Tuliokaa kando ya Kilimanjaro wakati wa magendo tunajua kwamba serikali inaweza kupiga marufuku jambo asubuhi na ofisa wake akalipitisha usiku, na kwamba pia inaweza kulipiga marufuku huku ikimkonyeza ofisa huyo. Kutoka huku si rahisi kutofautisha.

Kuna hatari nyingine, ambayo kwangu ni nzito kuliko ya magendo, nayo inaonekana Georgia. Nchi hiyo ilipigwa na Urusi kwa siku tano Agosti 2008 na kupoteza udhibiti wa takribani asilimia 20 ya ardhi yake. Mwaka 2022 iliunga mkono azimio la Umoja wa Mataifa, ikakataa kuiwekea Urusi vikwazo, ikapokea Warusi wengi na fedha zao, na uchumi ukakua kwa zaidi ya asilimia 10. Mpaka hapo, ungesema imefuata busara. Lakini tahadhari ya nje ikawa fimbo ya ndani: kila aliyeipinga serikali akaitwa mtu anayetaka kuiingiza nchi vitani, ikapitishwa sheria ya kuwadhibiti wanaopokea fedha za nje, na Novemba 2024 serikali ikatangaza kuliweka kando suala la mazungumzo ya kujiunga na Umoja wa Ulaya hadi mwisho wa 2028, huku barabara za Tbilisi zikijaa waandamanaji. Hofu ya jirani ni kisingizio kizuri mno kwa mtawala asiyetaka kuulizwa. Kazakhstan nayo haiko salama na lawama hii. Machafuko yale ya Januari 2022 yaliacha watu 238 wamekufa kwa hesabu ya serikali yenyewe, na ulinganifu mzuri kati ya Moscow na Brussels hauzijibu familia zao.

Kuhusu Finland, ambayo hutajwa kila mara kuwa mfano wa nchi iliyoamka na kuacha kutoegemea upande, nitakuwa mfupi. Ilijiunga na NATO Aprili 2023 kwa sababu kulikuwa na mlango, na mlango ulifunguliwa. Kazakhstan imepakana na Urusi kaskazini na China mashariki, haina bahari iliyo wazi, na ukiondoa ule unaoongozwa na Urusi yenyewe, hakuna muungano wa kijeshi uliowahi kuipa fomu ya kujaza.

Ndipo tunaporudi kwenye kura yetu wenyewe. Machi 2, 2022 nchi 35 zilijizuia, na 17 kati ya hizo zilikuwa za Afrika, Tanzania ikiwamo. Uganda, Burundi na Sudan Kusini zilijizuia pia. Kenya na Rwanda zilipiga kura ya ndiyo, na balozi wa Kenya, Martin Kimani, alikuwa amekwisha kulieleza Baraza la Usalama, siku chache kabla ya uvamizi, kwa nini Waafrika waliikubali mipaka ya kikoloni badala ya kuitia moto. Tetesi za kwamba wote waliojizuia walinunuliwa ni za kitoto. Tanzania ina deni la kumbukumbu kwa waliowapa silaha wapigania uhuru, Moscow ikiwa miongoni mwao, ina mazoea ya kutofungamana na upande wowote, na wengi wetu tulikumbuka Iraki mwaka 2003 na kuuliza kwa nini hasira ya dunia ilichelewa. Gharama ya vita hiyo kwetu nayo haikuwa ndogo: kufikia Juni 2022 serikali ilikuwa inatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 ili kupunguza bei ya mafuta.

Hata hivyo, naona tofauti tusiyoipenda kuitaja. Hakuna koki ya Tanzania iliyoshikwa na Moscow. Kura ya ndiyo isingetufungia bomba wala isingetuletea madai ya mikoa. Sisi tulijizuia na kisha tukakaa kimya. Kazakhstan ilijizuia na kisha, kwa miezi na miaka, ikaendelea kukataa jambo moja baada ya jingine kwa sauti ya chini. Ikiwa lazima neno kali litumike kwa mmoja kati ya hawa wawili, mimi nisingelianzia kule.

Nilipomweleza mzee hayo, alinyamaza kwanza, kisha akaniletea jambo la karibuni zaidi. Novemba 29, 2025 droni za majini za Ukraine ziliharibu moja ya maboya matatu ya Novorossiysk. Jingine lilikuwa katika matengenezo, hivyo likabaki moja likipakia. Safari hii Kazakhstan haikutafuta lugha ya sherehe wala ya bajeti. Wizara yake ya mambo ya nje ilitoa malalamiko ya wazi dhidi ya Kyiv kwa kushambulia mali ya kiraia. Unaona, akasema mzee, mitambo ya umeme ya Ukraine imepigwa miaka mitatu na hatukuisikia sauti hii. Ni kweli, na sikuwa na jibu la kulifuta. Nilimwonyesha tu kwamba shambulio lile lilikuwa la tatu kwa idadi na la kwanza kwa uzito, kwamba kituo cha kusukuma mafuta cha Kropotkinskaya kwenye bomba hilohilo kilikuwa kimepigwa na droni Februari mwaka huo, na kwamba mwezi Juni Astana ilikuwa imeichagua kampuni ya Urusi, Rosatom, kuongoza ujenzi wa kinu chake cha kwanza cha umeme wa nyuklia. Hilo la mwisho lilimfurahisha, akasema ni ushahidi wake. Nami nadhani, kati ya yote tuliyobishania jioni ile, hilo ndilo ambalo ningependa watetezi wa Kazakhstan, nikiwamo mimi, walieleze vizuri zaidi kuliko tulivyofanya.